Yowe Katika Wiki ya Ukimya

Tumemzika Generoza Mukandori hapa Igurwa, na kijana ambaye hakupata kula naye hata sahani moja ya maharage akasimama kando ya kaburi, akashika kipaza sauti, akasema marehemu alikuwa mwanamke mkimya. Mkimya! Generoza! Mtu ambaye akienda kuteka maji, waliobaki nyumbani walijua amefika kisimani kwa kusikia kicheko chake. Kijana huyo anaitwa Deogratias. Alitumwa na Nyumba ya Utulivu ya Nyakatuntu alete rambirambi, kwa kuwa mimi na Generoza tulijitolea kule mwaka mmoja tulipokuwa wasichana, tukafanya kazi za mikono na kufundishwa kukaa kimya na kutafakari. Akasema marehemu alijifunza ukimya kwao na akaushika hadi pumzi ya mwisho. Wanawake niliokaa nao kwenye mkeka wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa natafuta fimbo yangu.

Lakini hasira yangu haikuanzia kwa Deogratias, yeye ni mtoto tu, aliandikiwa maneno akayasoma. Ilianzia kwenye simu. Anselimu, mtoto wa kwanza wa Generoza, alinipigia asubuhi nikiwa namenya ndizi. "Shikamoo, mama mdogo. Mama ametutoka." Nikauliza kimempata nini ghafla hivyo. "Si ghafla, mama mdogo. Alilazwa, karibu mwezi sasa." Mwezi! Kutoka kwangu hadi hospitali ile ni bodaboda moja tu, napanda hapa mlangoni nashuka getini. "Tulikuonea huruma. Una presha. Tulikaa tukasema tusikustue." Nikamuuliza kama mama yake aliniulizia. Nasikia kuku wao kwenye simu. "Aliuliza." Nikauliza, mkamwambia nini? "Tulimwambia umesafiri."

Nilikiweka chini kisu cha ndizi kwa sababu nilijijua. Anselimu ni mtoto mwema, amemuuguza mama yake vizuri, hilo silikatai. Hajui alichofanya. Hajui kwa sababu mama yake hakupenda kumsimulia habari za mwaka ule, naye aliogopa nisije nikamsimulia mimi kwa ukali wangu. Basi sasa naandika, atasoma. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mpangilio mtauvumilia. Majina lakini sijakosea hata moja.

Nyakatuntu sikwenda kwa kupenda. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nimempiga shemeji yangu Kamugisha kwa mpini wa jembe. Alistahili, na sababu ninazo, ila leo siziandiki. Mzee wa kanisa, Rwegasira, akasema mbele ya watu wote, "Huyu akibaki hapa ataua mtu. Mpelekeni kwa wale mabubu wa mlimani, akalime na kunyamaza mwaka mzima, labda atapoa." Wakati huo wilaya yetu hii ya Kyerwa yote ilikuwa bado inaitwa Karagwe, na mabubu wa mlimani ndilo jina ambalo watu walikuwa wamewapa wale wa Nyumba ya Utulivu. Walikuwa Wakristo kama sisi, ila waliamini Mungu anasikika vizuri mtu akifunga mdomo na kufanya kazi. Wenyewe walituita wenye kujitolea. Wengine walijitolea, mimi nilitolewa, kama mbuzi wa mnada.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa, ya udongo, kuta nene, imeezekwa kwa nyasi, na ndani sakafuni walitandaza nyasi laini kama katika nyumba za wazee wa zamani, zikinukia vizuri asubuhi kabla hazijakanyagwa. Wanaume walikaa kulia, sisi kushoto, kwenye mikeka. Chumba chetu wasichana kilikuwa nyuma, karibu na jiko, vitanda vya miti, dirisha moja lisilo na kifuniko, moshi wa Mama Adventina mpishi ukiingia humo kabla ya jua. Mkuu wa nyumba aliitwa Elizeus, nasi tulimwita Mlezi. Mrefu, mwembamba, mwinjilisti wa zamani, sauti yake haikupanda hata alipokanyaga msumari. Siku ya kwanza aliniita, akaniangalia mikono, akasema, "Dada, hasira ni mgeni. Usimfukuze, usimpe kiti. Mtazame tu, ataondoka mwenyewe."

Usiku ule ndipo nilipomfahamu Generoza, kitanda cha jirani. Wazazi wake walitoka Rwanda, walivuka mto Kagera yeye akiwa mgongoni, wakakaa Mabira wakilima vibanja vya migomba vya watu. Akaniuliza Mlezi amesema nini. Nikamwambia. Akakaa kitandani. "Mgeni? Kwetu mgeni anapewa kahawa ya kutafuna kwanza. Wewe hiyo hasira yako umeipa kahawa?" Nikamwambia niache nilale. "Ipe kahawa, dada, itakwambia ilikotoka." Akacheka mpaka Mama Adventina akagonga ukuta. Nilipomuuliza yeye alifuata nini mlimani akasema, "Nimelimia watu kwa mkungu mmoja wa ndizi tangu nina meno ya utoto. Sasa nataka nimlimie Mungu bure, nione kati yao nani ana roho nzuri."

Sheria kubwa ilikuwa hii: tangu kuamka hadi jua la utosi hakuna kusema neno, hata salamu. Na majina hayakutumika, wote ndugu na dada. Hilo la majina lilinichoma sana, ndiyo maana nilikuwa nikibeba nyasi huku nayasema moyoni kama tasbihi, Generoza, Adventina, Domina, Laurenti, Projestus, Koburungo, yasije yakafa. Ila la salamu ndilo lilitugombanisha na nchi. Kwetu msichana akikutana na mkubwa njiani anapiga goti, anasalimia, anangoja kuitikiwa. Sasa sisi tunateremka kutoka rweya, yale mashamba ya nyasi ya juu, mizigo vichwani, tunakutana na Mzee Avitus, jirani, anasukuma baiskeli yake imejaa mikungu, tunampita kimya kama ng'ombe. Mara ya kwanza alisimama, akageuka, akatuuliza, "Na Mungu wenu naye hamumsalimii?" Niliona aibu ambayo mpaka leo naisikia shingoni. Generoza ndiye aliyetafuta dawa. Tulikuwa tukikata nyasi mbali mbali, kila mtu na mundu wake. Akagonga mundu kwenye jiwe mara mbili, akanitazama. Sikuelewa. Akagonga tena. Mchana aliponieleza alikuwa anapasuka kwa kicheko: mara mbili ni umeamkaje, ukigonga mara moja ni salama, na ukiukwaruza mundu kwenye jiwe maana yake sijalala vizuri na nina njaa. Tangu siku ile kila asubuhi tulisalimiana hivyo mlima mzima, na wengine wakajifunza, na Mlezi akadhani tunanoa.

Na ndipo huyu Deogratias aseme mkimya. Siku senene walipoanguka, alfajiri, tumekaa kwenye mikeka tumefumba macho, nasikia kitu kinanigonga shavuni. Nikafumbua jicho moja. Wamejaa dirishani, wanaruka kwenye nyasi za sakafu, kijani kibichi, wanono. Watu wote wamewaona. Nani wa Kagera aliyezaliwa na mwanamke anaweza kuona senene akakaa? Laurenti mashavu yanamtetemeka. Projestus ameshamkalia mmoja, anajifanya anasali. Mlezi mwenyewe amefumba macho kwa nguvu kama mtu anayetolewa mwiba. Kisha Generoza akasema kwa sauti ya kengele, "Yesu, senene!" Basi. Waliotafakari miaka kumi na waliotafakari wiki, wote nje, na vikapu, na shuka, na kofia. Adhabu yake Generoza ilikuwa kusafisha choo, akaenda anaimba. Senene walikaangwa, akatuambia huku anatafuna, "Mama yangu alikatazwa senene na mama mkwe wake, ati ni chakula cha wanaume. Nitampelekea gunia zima."

Alikuwa akimtaja mama yake namna hiyo, katikati ya chochote. Mukagatare jina lake. Nilimfahamu kabla sijamwona.

Kazi yetu mwaka ule ilikuwa mteremko wa mawe nyuma ya nyumba. Mlezi alitaka uwe kibanja. Tukayakusanya mawe, tukayapanga kukinga udongo, tukachimba mashimo, tukapanda migomba, tukatandaza nyasi chini yake tulizozibeba kutoka juu. Kwa miezi ya kwanza nilikuwa siyapangi mawe, nayatupa. Kila jiwe lilikuwa na sura ya Kamugisha. Mikono ilitoka damu, na ukuta wangu ulibomoka kila mvua iliponyesha, wa Generoza umesimama. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilinitesa zaidi, maana nilikuwa nimezoea kujibu. Sasa unamjibu nani? Unakaa kwenye mkeka, unavuta pumzi, unaisikia hasira yako inazunguka kama mbwa asiyejua wapi pa kulala. Unarudi kwenye mawe. Sijui ilikuwa lini hasa. Siku moja nilinyoosha mgongo nikaona jua limefika utosini na tangu asubuhi sijagombana na mtu moyoni. Na ukuta umenyooka. Nililia, si kwa uchungu. Huwa sisemi uongo: ile nyumba ilinifaa. Kabla ya kwenda nilikuwa napiga kelele kila siku, na hakuna aliyegeuza shingo. Walisema, "Domitila huyo," wakaendelea na rubisi yao, pombe ya ndizi. Nyakatuntu nilijifunza kuitunza sauti. Ndiyo maana siku niliyoitoa watu walikuja.

Karibu na mwisho wa mwaka kulikuwa na wiki ya ukimya mkuu. Wiki nzima hakuna kusema, mchana wala jioni, na wengi hawatoki ndani isipokuwa kula. Mimi kwa kuwa kukaa sana kulinipa maumivu ya kiuno, Mlezi aliniruhusu nikate nyasi upande wa lango, nikitafakari kwa mikono. Ilikuwa Jumatano. Nimeinama nyuma ya lundo la mawe, nafunga mzigo, nasikia miguu ya mtu aliyechoka. Ni Leonidas, kaka yake Generoza, nilimjua kwa sababu alikuja mara moja kuleta karanga. Mlezi akatoka kumfuata langoni kabla hajaita. Leonidas akavua kofia.

"Shikamoo, Mlezi. Nimerudi tena. Nilipokuja Jumatatu uliniambia utamweleza Generoza, nasi tumengoja jana kutwa."

"Marahaba. Nilikuambia nitamweleza wiki ikiisha. Jumapili."

"Mama hali chakula. Anamtaja yeye tu. Jana anamtaja, na sauti inakwenda."

"Tunamwombea hapa, wote. Dada yako ameanza kushika mizizi, ndugu yangu. Ukiung'oa mgomba siku hizi zake, haukauki leo, lakini hauzai tena. Jumapili si mbali."

Leonidas akaizungusha kofia mikononi. "Mlezi," akasema, "mama hana Jumapili."

Mlezi akamshika bega kwa upole. Upole ule! Hadi leo mtu akinishika bega kwa upole namtazama mara mbili. Akaagiza Mama Adventina amletee mgeni chakula, akarudi ndani, akafunga mlango. Mama Adventina akaleta ndizi na maharage kwenye jani, akaziweka chini mbele ya Leonidas, hazikuguswa. Mama Adventina akanitazama, nami nikamtazama. Alikuwa amesikia, na wala hakuruhusiwa kusema.

Nikafanya nilivyofundishwa. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaitazama hasira yangu. Zamani ingekwenda kila upande, ningempiga mpishi, ningempiga Leonidas kwa kufika amechelewa. Safari hii ilikuwa imetulia mahali pamoja na inaona mbele. Nikafikiri sawasawa. Nikiingia nimnong'oneze Generoza, Mlezi atanitoa kwa mkono na kumwambia ni majaribu. Na hata akitoka, atafikaje Mabira kwa miguu na mama hana siku? Anahitaji watu. Anahitaji baiskeli. Nikapanda juu ya lile lundo la mawe nililolipanga mwenyewe, nikapiga yowe.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Yowe halipigwi ovyo. Ukilipiga, kila mwenye miguu huacha alichoshika akaja, awe adui yako au rafiki, aje na panga au na maji. Ukilipiga bure, unatozwa mitungi ya rubisi, na siku ya shida yako ya kweli hawaji. Nililipiga mara tatu. Upande wa pili wa bonde wakalipokea, na wa mbele yao wakalipokea. Mlango wa nyumba ukafunguka, watu wakamwagika nje wamekodoa macho, Mlezi mbele, kidole mdomoni. Na kutoka chini nikaona majani ya migomba yanatikisika, watu wanapanda mbio, na Mzee Avitus kati yao na panga na baiskeli yake, mikungu bado imefungwa nyuma.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikashuka kwenye mawe, nikapiga goti, nikampa ile salamu niliyokuwa nadaiwa mwaka mzima. "Shikamoo, Mzee Avitus."

"Marahaba. Kumbe mna ndimi. Nani amekufa?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajafa, waitu, mzee wetu. Ni mama yake Generoza, Mabira, anamtaja mtoto wake, na mtoto amefungiwa ndani hajaambiwa. Ningengoja afe ndipo niwaite?"

Hakuna aliyecheka. Mlezi akasema, bado kwa sauti ile ile isiyopanda, "Dada, umevunja wiki ya watu wote." Nikamwambia, "Na wewe tangu Jumatatu ulikuwa unavunja nini?" Ndilo jambo pekee nililomjibu mtu mzima maishani bila kujuta baadaye.

Generoza alikuwa ametoka bila viatu. Alimwona kaka yake langoni, akaona na zile ndizi chini hazijaliwa, basi hakuna aliyehitaji kumweleza. "Anakula?" aliuliza. Leonidas akasema, "Anakutaja." Mzee Avitus akakata kamba kwa panga, mikungu yote ikaanguka hapo hapo langoni, akapiga kofi kiti cha nyuma cha baiskeli. "Panda, mwanangu." Wakaondoka. Mimi na Leonidas tukafuata kwa miguu. Sikuaga mtu, sikurudi kuchukua khanga.

Tulifika Mabira jua linazama. Nyumba yao ilikuwa ndogo, pembeni ya kibanja cha tajiri wao, chumba kimoja cha mbele chenye kinu na chungu cha maji, na cha ndani chenye kitanda. Wanawake wa jirani wamejaa mlangoni. Mmoja, Ansila, akanishika mkono. "Amesema hadi alfajiri ya leo," akaniambia. "Leonidas alipotoka tu sauti ikaisha. Jumatatu alikuwa anaongea vizuri, alitaka amwambie kitu." Nataka mtu anayesoma hapa asimame. Jumatatu alikuwa anaongea. Kitu alichotaka kumwambia mtoto wake hatujakijua, Generoza amekwenda kaburini hajakijua.

Ndani nikamkuta Generoza amekaa kitandani, kichwa cha mama yake mapajani, anaongea. Aliongea jioni ile na siku iliyofuata na iliyofuata hiyo. Alimsimulia senene, na Projestus aliyemkalia mmoja akisali. Alimsimulia Mlezi alivyokanyaga msumari na sauti isipande. Alimwambia mteremko wa mawe umekuwa kibanja, mgomba wa kwanza umetoa ua. Anacheka, machozi yanamdondokea mama usoni, anayafuta, anaendelea. Mama macho yako wazi lakini neno hakuna. Kisha Generoza akamfundisha salamu yetu. Akagonga kwa kidole mara mbili kwenye mti wa kitanda. "Mama, hiyo ni umeamkaje. Ukiwa salama unagonga mara moja." Akangoja. Sisi wote mlangoni tukangoja. Kidole cha mama kikainuka kwenye shuka, kikashuka mara moja.

Alifariki Jumamosi. Jumapili ile ya Mlezi ilipofika tulikuwa makaburini.

Baada ya matanga nilirudi Nyakatuntu, na safari hiyo hakuna aliyenipeleka. Watu wanashangaa nikisema hivi. Kazi ilikuwa haijaisha, ukuta wa chini ulikuwa na mwaka wangu ndani yake, sikutaka mtu mwingine aumalizie. Generoza naye alikuja, akasema hawezi kuuacha mgomba umetoa ua bila kuuona mkungu. Mlezi hakutufukuza wala hakutuomba radhi. Mama Adventina alinieleza jikoni, akichambua maharage, kwamba Mlezi mwenyewe hakwenda kumzika baba yake, alikuwa kwenye ukimya huko alikofundishwa, na wakubwa wake walimsifu. "Walimsifu, Domi," akasema, "ndiyo maana hakujua." Nilifikiri sana neno hilo. Sikumsamehe, ila nililifikiri. Asubuhi moja tukakuta ringi ya gari imening'inizwa kwenye mti wa langoni kwa waya, na kipande cha chuma pembeni. Mlezi akatangaza mchana: yeyote mwenye habari ya mgonjwa au msiba wa mtu aliye ndani, agonge, wiki ya ukimya au si ya ukimya, na mlango utafunguliwa. Akanitazama. Sikumshukuru. Nilichukua mundu wangu, nikaugonga kwenye jiwe mara moja, basi, nikaenda zangu juu kukata nyasi.

Sasa turudi kaburini. Walipomaliza kuweka mashada, Deogratias akaja nilipokaa, akainama vizuri, mtoto mwenye adabu. "Shikamoo, bibi. Wewe ndiye Bibi Domitila? Tungependa siku moja uje utupe ushuhuda, vijana wajifunze ukimya wa zamani." Nikamwitikia. Nikamuuliza kama ile ringi ya gari bado ipo langoni.

"Ipo, bibi!" akafurahi. "Tunagongea chakula."

"Na mtu akiwa na mgonjwa kwao, wiki ya ukimya, habari inamfikaje?"

"Aa, siku hizi tumejipanga. Simu zote tunazikusanya langoni, wanazipata wiki ikiisha."

Nikamtazama. Nikawatazama watoto wa Generoza wamesimama na nguo zao za sare, Anselimu anagawa soda, anajitahidi watu waridhike. Nikafikiri kitanda cha hospitali. Ni cha chuma. Ningeingia, ningegonga mara mbili kwenye chuma kile, na angeitikia, hata kama sauti imekwisha angeitikia, yeye ndiye aliyetunga. Badala yake alilala pale karibu mwezi akiamini nimesafiri na sikuaga.

Nikaishika fimbo, nikasimama. Wanawake wakadhani nakwenda uani, mmoja akataka kunishika, nikakataa. Nikapiga yowe. Mwenye kipaza sauti akasema, "Tunaomba utulivu, jamani, tunaomba utulivu." Nikapiga la pili. Koo langu si lile la ujanani, lakini watu wa kwetu bado ni watu wa kwetu: wa bodaboda barabarani akazima pikipiki, na chini kwenye migomba wanawake wawili wakatoka na majembe mkononi, wanakimbia, khanga zinaburuza. Anselimu akaitupa kreti ya soda, akanifikia anahema.

"Mama mdogo! Nani tena amekufa? Mama tumeshamzika!"

"Najua mmemzika. Nilikuwepo."

"Sasa hili la nini?"

"Hili si la leo. Ni la mwezi uliopita, mlilonizuia kupiga."

"Presha yako, mama mdogo," akasema taratibu, na akaniwekea mkono begani, kwa upole. Nikautoa. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa Nyakatuntu, polepole, hadi chini ya kitovu, nikalipiga la tatu.